Bondeni kabla ya msituni: shajara ya mradi wa vyura na mijusi, Pemba

Kiangazi, masika hayajaingia

Ramani ya kwanza ya mradi ilijaa Ngezi tupu, ule msitu wa hifadhi wa Pemba. Si ajabu. Anayekuja Pemba kutafuta mnyama au mti hupelekwa Ngezi: kuna mivule na migulele, kuna mpapindi, ambao ni mnazi-mwitu wa Pemba peke yake, kuna njia zilizofyekwa na walinzi wanaoujua msitu kwa miguu yao. Nusu ya ramani ile tumeifuta. Mistari ya uchunguzi tuliyoihamisha tumeipeleka kwenye mabonde ya mpunga ya upande wa Wete na kwenye mashamba ya migomba kati ya Konde na Makangale.

Kilichotusukuma ni orodha ya zamani. Mwaka 1941 Arthur Loveridge, mtaalamu wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwa mkupuo mmoja wanyama wa Pemba waliokuwa hawajaingia kwenye vitabu vya sayansi: mjusi wa kijani wa mchana, *Phelsuma parkeri*, mjusi mdogo wa mitini, *Lygodactylus pakenhami*, nyoka mwembamba kama uzi, *Leptotyphlops pembae*, na chura mdogo wa rangi ya tope, *Phrynobatrachus pakenhami*. Jina hilo la pakenhami limetokana na R. H. W. Pakenham, afisa wa serikali ya Zanzibar ya wakati ule, ambaye mwaka 1937 ndiye aliyemweleza pia bundi mdogo wa Pemba. Sasa tazama: chura yule hakutoka Ngezi. Alitoka kwenye kinamasi karibu na Wete. Na mjusi wa kijani kila mtoto wa Konde anamjua, kwa sababu anamwona migombani akienda chuo cha Kurani asubuhi.

Basi swali letu limekuwa hili: wanyama hawa ambao duniani wako Pemba tu, ni kiasi gani cha maisha yao kiko nje ya mpaka wa hifadhi? Kama jibu ni "kikubwa", basi kuilinda Ngezi peke yake hakutoshi, na mazungumzo ya uhifadhi yanapaswa kuhamia kwa watu wenye majembe.

Kwa nini Pemba hasa, na si Unguja? Kwa sababu ya kina cha bahari. Mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 400, wakati bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kidogo, haifiki mita 50 sehemu kubwa. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imekamata maji mengi ya dunia, bahari ilishuka kwa takriban mita 120. Unguja ikawa sehemu ya bara, mnyama anatembea kwa miguu mpaka alipo. Pemba ilibaki kisiwa. Mjusi anaweza kufika kisiwani juu ya gogo linaloelea, na mayai yake yakastahimili. Chura ngozi yake inapitisha maji, chumvi inamuua. Kwa hiyo kila chura wa Pemba ana hadithi ndefu ya namna babu zake walivyofika, na hadithi hiyo haijamalizwa kuandikwa.

Vibali: Idara ya Misitu imeshatia saini, barua za masheha ziko mkononi. Sheha mmoja aliisoma barua yetu mara mbili, akavua miwani: "Vyura? Wachukueni wote, mtuachie mpunga." Tulicheka, lakini aliweka mhuri.

Mvua za mwanzo

Tumeanza. Mvua ilishuka alasiri, na magharibi haijaisha bonde lote lilikuwa linapiga kelele.

Mwenye kudhani kazi hii ni ya macho aje asimame kwenye tuta la jaluba, kipande cha shamba la mpunga, saa mbili za usiku. Ni kazi ya masikio. Vyura wa majanini, wale wadogo wenye vidole vya kunata wanaokaa kwenye mabua ya mpunga na mafunjo, wanapiga sauti kali za mkato, mmoja akianza jirani anamjibu papo hapo. Vyura warukaji, wenye mikunjo mirefu mgongoni na miguu ya kupitiliza, wako pembeni kwenye maji ya kina kidogo, na ukiwamulika wanaruka mara moja tu, hujui wameangukia wapi. Chini kabisa, kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, ndiko anakokaa huyu tunayemtafuta. Ni mdogo, anakaa juu ya pingili ya kidole gumba. Sauti yake ni ya kukwaruza.

Tulikuwa na mwenyeji, bibi mmoja anayelima bonde lile tangu enzi za mama yake. Tulipomuonesha kwa tochi akasema: "Aa, hichi! Hichi hakilali, mwanangu. Kinakereza usiku kucha mpaka alfajiri. Tukikisikia kimenyamaza tunajua maji yanakauka." Nimeiandika daftarini kama alivyosema. Mkulima anatumia sauti ya chura kujua hali ya maji ya jaluba lake, nasi tumekuja na vyombo vya kupima maji.

Tatizo la chura huyu ni sura. Ana ndugu yake, *Phrynobatrachus acridoides*, ambaye Cope alimweleza mwaka 1867 kutokana na vyura wa Zanzibar, na ambaye anapatikana pwani ndefu ya Afrika Mashariki. Vitabu vinawatenganisha. Macho ya mtu aliyesimama topeni usiku hayawatenganishi kirahisi. Ndiyo maana kila chura tunayemshika hatumpi jina pale pale. Tunanasa sauti yake kwanza kabla ya kumgusa, tunaandika joto la hewa na la maji (sauti ya chura huenda haraka zaidi kukiwa na joto, ukilinganisha sauti za usiku wa baridi na za usiku wa joto bila kuliandika hilo umejidanganya), kisha tunapiga picha ya mgongo, tumbo na mapaja ya ndani, tunapima urefu kuanzia pua hadi mwisho wa kiwiliwili, na tunachukua kipande kidogo sana cha utando wa mguu kwa ajili ya vinasaba. Halafu anarudishwa pale pale alipotoka. Wachache tu, kwa idadi iliyoandikwa kwenye kibali, ndio watahifadhiwa kwenye spiriti ili mwingine akija baada yetu aweze kutukosoa.

Kila chura ana mfuko wake mpya na kila mshikaji anabadilisha glavu. Vijana wa timu waliona ni ubadhirifu. Niliwaeleza habari ya Kihansi.

Kule Udzungwa, chini ya maporomoko ya mto Kihansi, kulikuwa na chura mdogo wa manjano, *Nectophrynoides asperginis*, aliyeishi kwenye rasharasha za maporomoko na hakuwa na pengine popote duniani. Ni chura anayezaa watoto kamili, hapiti kwenye viluwiluwi vya majini. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikapungua. Wakaweka mabomba ya kurashia maji kuziba pengo. Mwaka 2003 idadi yake iliporomoka kwa kasi, na kuvu ya ngozi ya vyura, *Batrachochytrium dendrobatidis*, ikakutwa pale. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Waliobaki walikuwa wakilelewa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 ndipo walipoanza kurudishwa porini Kihansi. Kuvu hii hushambulia ngozi ya chura, na chura anatumia ngozi kunywa maji, kuvuta hewa na kuweka sawa chumvi za mwili wake. Ngozi ikiharibika, chumvi zinavurugika mpaka moyo unasimama. Kuvu inasafiri kwa maji na kwa tope. Tope liko kwenye gambuti.

Tangu siku hiyo ndoo ya klorini na brashi ziko nyuma ya gari, na hakuna anayetoka bonde moja kuingia jingine bila kusugua gambuti na kuziacha zikauke. Wanaonilalamikia kuhusu harufu ya klorini ni wengi, wanaoniuliza kwa nini hakuna hata mmoja.

Masika yamekolea

Mvua ya siku tatu. Barabara ya kwenda Makangale ni utelezi mtupu. Tumebaki karibu.

Mitego ya ndoo. Utaratibu wake ni wa zamani na bado haujapata mshindani kwa wanyama wanaotambaa chini: unafukia ndoo mpaka mdomo wake uwe sawa na ardhi, unasimamisha uzio mfupi wa nailoni kupita juu yake, mnyama akikutana na uzio anaufuata pembeni mpaka anaangukia ndoo. Kwenye miinuko ya mikarafuu inafanya kazi vizuri. Bondeni maji ya chini yanaisukuma ndoo juu kama kibuyu. Tumeacha kuzitumia kule, tunategemea tochi na masikio. Hata miinukoni lazima ndoo itobolewe chini, iwekwe sponji yenye maji ili chura asikauke, na kijiti cha kupandia ili panya wadogo na wadudu wakubwa wasife bure. Zinakaguliwa kabla jua halijachomoza. Mwenye kulala akapitiliza atakuta siafu wameshafika, na siafu hawaachi cha kupima.

Ndoo ya chini ya mkarafuu mmoja ilituletea *Lycophidion pembanum*, nyoka mwingine wa Pemba peke yake. Ni mfupi, mweusi-kijivu, kichwa bapa, mpole kupita kiasi. Anawinda usiku, chakula chake ni mijusi, hasa wale wanaolala chini ya majani makavu. Mbele ya taya ana meno marefu kidogo, hayana sumu ya kumdhuru mtu. Nilimweka kwenye chombo cha plastiki angavu ili wachumaji waliokuwa wakipita wamwone. Mmoja alirudi nyuma hatua kumi. Mwingine, kijana, alisema kwa utulivu: "Huyu sisi tunamuua kila tukipalilia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatoa taarifa.

Upande wa bondeni mambo ni hayo hayo. Kwenye tuta tulimkuta *Natriciteres pembana*, nyoka wa majini wa Pemba, akiwa ameshakatwa kichwa kwa jembe mchana ule. Mkia wake ulikuwa kigutu, jeraha la zamani lililopona. Nyoka wa jamii hii akikamatwa mkia huuzungusha mpaka ukakatika, anakimbia na uhai wake. Ila tofauti na mjusi, mkia wa nyoka hauoti tena. Alishamponyoka mtu, au ndege, mara moja. Tumemchukua huyo aliyeuawa, ameingia kwenye spiriti, hivyo idadi ya kibali imepungua kwa mnyama ambaye hatukumuua sisi.

Nyoka huyu anakula vyura na samaki wadogo. Hana madhara. Lakini siwezi kumwambia mama aliyeinama kwenye maji ya matope, mtoto mgongoni, kwamba asimame kwanza amtambue nyoka kwa jinsi magamba yake yalivyopangwa. Hilo ni jambo la mtu anayekaa ofisini. Tunachofanya ni kuchapisha picha kubwa za nyoka wawili watatu wa bondeni, kwa rangi halisi, zibandikwe kwenye banda la pembejeo na kwenye skuli. Chini ya picha tumeandika kwa herufi kubwa: ukiumwa na nyoka yeyote usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, kaa tuli, mguu au mkono usiutingishe, uende hospitali. Mtu asiyejiamini kuhusu matibabu hataacha kuua nyoka, na simlaumu.

Konde na Makangale, jua limetoka

Kazi ya mchana, tena ya raha. Mjusi wa kijani haendewi usiku. Tofauti na mijusi wa ukutani, mboni ya jicho lake ni ya duara, anafanya shughuli zake juani, na kwa kuwa hana kope za kufumba analamba macho yake mwenyewe kuyasafisha. Rangi yake ni kijani kibichi mwili mzima, hana yale madoa mekundu ya ndugu zake wengi wa Madagaska, ambako jamii hii ya *Phelsuma* ina aina nyingi kuliko kwingine kokote. Anakula wadudu, analamba asali ya maua na maji ya tunda lililoiva. Shina la mgomba linampa vyote: maua, wadudu, maji kwenye makwapa ya majani, na mahali pa kujificha kati ya maganda makavu.

Tunapita shamba kwa shamba, tunahesabu migomba, tunahesabu mijusi, tunaandika kama maganda makavu yameondolewa au yameachwa. Dhana yetu ni kwamba shamba linalosafishwa sana lina mijusi wachache. Takwimu bado, kwa hiyo naishia hapo.

Mazungumzo mazito ya mradi mzima yametokea hapa, na wala hayakuwa ya sayansi. Tulikuwa tumepumzika kwenye baraza ya msikiti baada ya adhuhuri. Mtoto mmoja aliyetufuata toka shambani akauliza kwa sauti: si mjusi kuuawa ni thawabu? Kila mtu alinyamaza. Hadithi hiyo ya mjusi kafiri aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim inajulikana nyumba zote za pwani, na watoto wanaitekeleza kwa manati. Mwalimu wa chuo alichukua muda. Akasema aliyekusudiwa, kwa anavyofahamu yeye, ni yule wa kutani, anayechafua vyakula ndani ya nyumba. Huyu wa mgombani hajamwingilia mtu. Mzee mwingine hakukubali, mjusi ni mjusi. Wakajadiliana kwa adabu, vitabu vikatajwa. Mwishowe mwalimu akaleta jambo ambalo mimi sikulitarajia: kwamba kuhusu chura kuna katazo la wazi katika mapokezi ya Abu Daud, tabibu alitaka kumtumia chura kwa dawa naye Mtume akakataza kumuua. "Basi kwenye chura," akasema, "hapana mjadala." Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Sikusema neno, wala haikuwa nafasi yangu kusema. Lakini kwenye mpango wa mikutano ya vijiji nimebadilisha mpangilio: tutaanza na chura.

Jambo jingine la hapa: shajara hii haitaandika mashamba yenye mijusi wengi yako wapi. Jamii yote ya *Phelsuma* imo kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Hata hivyo mjusi mzuri wa rangi hana uzito wala kelele, na anaingia mfukoni. Vipimo vya mahali vinabaki kwenye faili la mradi na kwa Idara ya Misitu.

Ngezi yenyewe tumeingia pia, tusije tukaambiwa tumeisusia. Kinyonga wa kawaida tulimkuta pembezoni, njiani, si ndani. Ndani kwenye kivuli kizito mjusi wa kijani hakuonekana chini. Pengine yuko juu kwenye vilele vyenye jua, na hatuna kamba za kupandia huko. Mlinzi aliyetuongoza alituambia anawaona sana kwenye mgomba wa nyuma ya kituo chake. Ndivyo ilivyokuwa.

Mchoo, karafuu zinakaribia

Mvua ndogo za kipupwe. Vyura wamepungua sauti, si wote. Wa kukereza bado yupo kila palipo na maji.

Nimekaa na daftari na rekodi za sauti. Kwa macho ya haraka, mabonde matatu ya aina tofauti yanatoa picha tatu. Bonde linalopata maji ya chemchemi mwaka mzima limejaa sauti. Bonde la pwani, ambalo maji ya bahari yamekuwa yakilivamia wakati wa bamvua, lina kimya upande wa chini na sauti upande wa juu, na mstari unaozitenganisha unaweza ukautembea kwa miguu. Mpunga nao umekufa kwenye mstari huo huo. Hapa hakuna ugomvi wa mkulima na mhifadhi. Tuta likijengwa kuzuia chumvi, jaluba na chura wanapona pamoja.

Bonde la tatu linanisumbua. Maji yapo, matamu, na viluwiluwi ni haba. Wakulima wa pale wameanza kupiga dawa ya kuua magugu kwa bomba la mgongoni, kwa sababu kupalilia kwa mkono kunawamaliza migongo na vijana wa kusaidia hawapo, wako kwenye karafuu au wameshavuka kwenda Unguja. Baadhi ya dawa hizi zimechanganywa na aina ya sabuni inayozisaidia kushika kwenye jani, na sabuni hiyo ndiyo inayoharibu mashavu ya kiluwiluwi, anakopumulia. Sijathibitisha kwamba ndicho kilichotokea hapa. Tumechukua sampuli za maji kabla na baada ya kupiga dawa, ziko kwenye barafu, zinasubiri meli.

Nimezungumza na kamati ya bonde. Sikuomba waache dawa, maana nisingekuwa na jibu la nani atapalilia. Nimeomba mambo mawili: wasioshe bomba la dawa kwenye mfereji, na dawa ipigwe kabla maji hayajaruhusiwa kuingia jalubani, si baada. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuamrisha, aliuliza hilo la pili litampunguzia gunia ngapi. Nilimjibu kwa kadiri ninavyojua halitampunguzia, dawa inayashika vizuri zaidi magugu yasiyofunikwa na maji. Akasema watajaribu kwenye majaluba ya upande wa mashariki peke yake, upande wa magharibi uendelee kama kawaida, "ili tuone kwa macho yetu."

Ni mpangilio mzuri kuliko niliokuwa nimeuandika kwenye pendekezo la mradi, nimeupitisha kama ulivyo. Vinasa sauti viwili vimeshafungwa, kimoja kila upande, juu ya vigingi virefu ili ng'ombe wasivifikie. Betri zinatosha hadi vuli.